Usitupe Mbachao: Betri za Lithiamu na Vifaa vya Kutupwa Jijini Nairobi

Utangulizi

"Usitupe mbachao kwa msala upitao" ni miongoni mwa methali zinazofunzwa mapema katika shule za Afrika Mashariki. Kwa kawaida hufasiriwa kwa maana yake ya ndani, kwamba mtu asimwache mwenzi wa siku nyingi kwa kuvutiwa na mgeni wa kupita. Hata hivyo, methali hiyo ilijengwa juu ya kitu halisi: mkeka mkuukuu ambao bado unalalika. Jijini Nairobi leo kuna kitu kingine kinachotupwa kila siku ilhali bado kinafaa, nacho ni betri ya lithiamu.

Katikati ya jiji, kwenye maduka na vibanda vya Luthuli Avenue, River Road na Tom Mboya Street, huuzwa visikizi visivyo na waya, tochi ndogo, feni za mkononi, spika zenye ukubwa wa ngumi na vitu vya kuchezea watoto vinavyowaka taa. Katika mitaa ya magharibi kama vile Westlands, Kilimani na Lavington, huongezeka sigara za kielektroniki zinazovutwa hadi ziishe kisha zikatupwa, ambazo vijana huziita vepu. Vingi vya vifaa hivyo hubeba betri ya lithiamu. Betri hiyo iliundwa ili ichajiwe mamia ya mara, lakini kifaa kinachoibeba kimeundwa ili kitupwe.

Makala haya yanaeleza mgongano huo. Yanafafanua jinsi betri ya lithiamu inavyofanya kazi, yanafuata safari yake kutoka mgodini hadi jaani, na yanaonyesha kwamba uharibifu unaotokea hautokani na uzembe wa mtumiaji peke yake. Unaanzia katika uundaji wa kifaa na, kwa kiasi fulani, katika maneno ambayo jamii imezoea kuyatumia kukitaja.

Kutoka mawe hadi lithiamu

Kwa miaka mingi Wakenya wameziita betri kavu za tochi na redio mawe. Jina hilo lina mantiki yake. Betri kavu huzalisha umeme kwa mmenyuko wa kikemikali unaoila zinki iliyomo ndani yake, na zinki ikishaliwa hairudi. Wengi wanakumbuka mawe ya redio yakianikwa juani ili yaongeze dakika chache za taarifa ya habari au matangazo ya mpira. Mbinu hiyo ilipatia nguvu ya mwisho iliyosalia, wala haikuyarudishia uhai. Yalipoisha yaliisha kweli, yakawa mawe kwa maana zote mbili. Yalitupwa nyuma ya nyumba au katika shimo la choo, na watoto wakayachezea.

Betri ya lithiamu ni kitu cha aina nyingine. Iliingia sokoni mwaka 1991 kupitia kampuni ya Sony ya Japani, na mwaka 2019 wanasayansi watatu walioweka misingi yake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Utendaji wake unaweza kulinganishwa na feri ya Likoni. Ndani ya betri mna kingo mbili: upande mmoja una grafiti, na upande wa pili una kiwanja cha lithiamu na metali nyingine, mara nyingi kobalti. Kati ya kingo hizo mna kiowevu kinachoitwa elektroliti. Kifaa kinapotumika, ioni za lithiamu huvuka kutoka upande wa grafiti hadi upande wa pili kama abiria, na uvukaji huo huambatana na umeme unaoendesha kifaa. Kinapochajiwa, abiria hao hurejeshwa walikotoka. Kila safari huichosha betri kidogo, lakini uchovu huo huchukua mamia ya safari kabla ya kudhihirika.

Tofauti hii ndiyo kiini cha suala zima. Jiwe la tochi hutupwa likiwa limekufa. Betri ya lithiamu iliyoisha chaji haijafa. Abiria wake wote wako ng'ambo wakisubiri kurudishwa.

Nairobi iliwahi kuizoea teknolojia hii kwa namna iliyofaa. Simu ya Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 200 duniani, ilikuwa na tochi kichwani, na kutokana nayo simu za aina hiyo zikabatizwa jina la mulika mwizi. Kifuniko chake kilifunguka kwa kidole, betri ikatoka, na mwenye simu akanunua nyingine pindi ya kwanza ilipochoka. Betri ya umbo lilo hilo iliingia pia katika redio ndogo na spika za bei nafuu, hivyo betri iliyotoka kwenye simu iliyovunjika ingeweza kuendelea kutangaza habari jikoni. Uhai wa betri haukufungwa pamoja na uhai wa kifaa. Fundi wa kibandani alijua kuzipima, kuzichagua na kuzihamisha.

Namna mbili za kupoteza

Vifaa vya kutupwa vimeuvunja utaratibu huo kwa namna mbili ambazo zinafaa kutofautishwa.

Namna ya kwanza ni ya kifaa kinachokufa mapema kuliko betri yake. Mfano bora ni vepu ya kutumiwa mara moja. Aina iliyoenea sana huwa na betri ya takriban miliampia-saa 550, yaani zaidi ya nusu ya uwezo wa betri ya mulika mwizi, ila haina tundu la chaja. Kiowevu cha nikotini kikiisha, kila kitu hutupwa pamoja: plastiki, waya wa kuchemshia, kihisi na betri. Mwaka 2023 watafiti wa University College London na Chuo Kikuu cha Oxford walizitoa betri za vepu za aina hii na kuzichaji maabarani. Walithibitisha kwamba zingeweza kuchajiwa mamia ya mara na bado zikahifadhi sehemu kubwa ya uwezo wake. Hesabu yake ni nyepesi. Betri inayoweza kufanya safari 300 ikifanya safari moja tu, sehemu 299 za thamani yake hutupwa kabla ya kutumiwa. Nchini Uingereza, shirika la Material Focus lilikadiria mwaka huohuo kwamba takriban vepu milioni 5 za kutumiwa mara moja zilikuwa zikitupwa kila wiki.

Namna ya pili ni ya betri inayokifisha kifaa. Visikizi visivyo na waya huwa na betri tatu: moja katika kila kisikizi, ndogo mithili ya punje ya haragwe, na ya tatu katika kikasha cha kuchajia. Hizo ndogo hutumika na kuchajiwa kila siku, na baada ya miaka michache hushindwa kuhifadhi chaji. Spika iliyomo bado ni nzima, kipaza sauti ni kizima, sakiti ni nzima. Ila kisikizi kimegandishwa kwa gundi, na fundi hawezi kukifungua bila ya kukivunja. Ujuzi wa fundi wa Luthuli Avenue haujapungua. Kilichotoweka ni mlango wa kuingilia.

Katika namna zote mbili, uamuzi wa kutupa haukufanywa Nairobi. Ulifanywa mezani kwa msanifu wa kifaa, pale alipochagua gundi badala ya skrubu na kuacha tundu la chaja ili kupunguza gharama. Mnunuzi wa Kilimani au Kangemi hutekeleza tu uamuzi ambao ulikwisha kupitishwa.

Kutoka Kolwezi hadi Dandora

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kuifuatilia safari ya betri hizi, kwa kuwa inaanzia na kuishia miongoni mwa wasemaji wa lugha hii.

Zaidi ya thuluthi mbili za kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa katika maeneo ya Kolwezi na Lubumbashi, ambako Kiswahili cha Katanga ni lugha ya soko, ya nyumbani na ya mgodini. Sehemu ya madini hayo huchimbwa kwa mitambo mikubwa, na sehemu nyingine na wachimbaji wadogo wanaoingia ardhini kwa sururu na kamba. Kutoka huko kobalti husafirishwa hadi China, ambako nyingi husafishwa na kuingizwa katika betri. Kisha betri hurudi Afrika Mashariki ikiwa ndani ya kifaa chenye rangi za kuvutia, hushushwa katika bandari ya Mombasa na kupandishwa bara hadi Nairobi. Metali iliyotolewa ardhini kwa jasho jingi huishi katika mfuko wa mnunuzi kwa siku chache, kisha huanza safari yake ya mwisho.

Safari hiyo ya mwisho huelekea mashariki. Taka za katikati ya jiji na za mitaa mingi ya magharibi hubebwa kwa malori hadi Dandora, umbali wa takriban kilomita 8 kutoka kitovu cha jiji. Jaa la Dandora lilianza kutumika katika miaka ya 1970, na kufikia mwaka 2001 lilikuwa limetangazwa kuwa limejaa. Hata hivyo, taka ziliendelea kumwagwa huko. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Gigiri katika jiji hilohilo, lilitoa utafiti kuhusu watoto 328 waliokuwa wakiishi na kusoma karibu na jaa. Nusu yao walikuwa na risasi katika damu kwa kiwango kilichopita mpaka uliokubalika kimataifa wakati huo. Utafiti huo haukuhusu lithiamu, lakini ulithibitisha jambo lililo wazi: metali inayotupwa katika mtaa mmoja huingia katika miili ya watu wa mtaa mwingine.

Mto Nairobi nao hufuata mkondo uleule. Huanzia upande wa magharibi katika kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, hupita katikati ya jiji, hupakana na jaa la Dandora, kisha huingia Mto Athi. Athi huwa Galana, na Galana huwa Sabaki, ambao humwaga maji yake katika Bahari Hindi karibu na Malindi. Kinachovuja Dandora, kwa hiyo, hakikomei Dandora.

Hatari za betri iliyo hai

Kwa kuwa betri ya lithiamu hutupwa ikiwa na nguvu iliyosalia, tabia yake jaani ni tofauti na ya jiwe la tochi. Utando mwembamba unaotenganisha kingo zake mbili ukitobolewa, au betri ikipondwa na shindilio la lori la taka, nguvu yote iliyosalia hutoka kwa mkupuo. Joto hupanda, joto hilo huchochea mmenyuko zaidi, na elektroliti, ambayo huwaka kwa urahisi, hushika moto. Moto wa namna hii ni mgumu kuzima kwa sababu betri huendelea kujichemsha yenyewe kutoka ndani. Aidha, hutoa gesi zenye madini ya florini zinazodhuru macho na mapafu. Mtu aliye karibu zaidi na betri hiyo ni mwokotaji taka, ambaye mara nyingi hana glavu wala barakoa, na ambaye hupasua vifaa kwa jiwe ili apate shaba au alumini ya kuuza.

Pamoja na hayo, ingekuwa kosa kudhani kwamba kila urejelezaji ni salama. Kenya ina kumbukumbu chungu ya betri za aina nyingine. Katika kijiji cha Owino Uhuru mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kiliwamwagia wakazi sumu ya risasi. Mwanaharakati Phyllis Omido aliongoza mapambano yaliyomletea Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliwatunukia wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikaupa nguvu uamuzi huo. Funzo la Owino Uhuru ni kwamba betri ikirejelezwa ovyo huua sawa na inavyoua ikitupwa ovyo. Kinachohitajika ni ukusanyaji wenye utaratibu na mitambo inayofaa.

Sheria zilizopo na pengo lililobaki

Haiwezi kusemwa kwamba Kenya haina sheria. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira ilitoa miongozo kuhusu taka za kielektroniki mnamo mwaka 2010. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka za kawaida zitenganishwe baina ya zinazooza na zisizooza, na inamtwika mzalishaji wajibu wa kushughulikia bidhaa yake hata baada ya kutumiwa. Kanuni za kuutekeleza wajibu huo zilichapishwa mwaka 2024. Vilevile, jijini kuna Kituo cha WEEE, ambacho hupokea taka za kielektroniki, kuzifungua na kuzitenganisha.

Pengo lipo baina ya pipa na kituo. Betri ya lithiamu si taka inayooza, wala si chupa ya plastiki. Ni taka hatari iliyojificha ndani ya kitu chenye umbo la kalamu. Mwenye nyumba huko Kileleshwa mwenye mapipa mawili hana pa kuiweka. Isitoshe, kifaa ni kidogo kiasi kwamba hakuna atakayefunga safari kukipeleka kituoni.

Dawa ya tatizo hili haiko mbali. Kwa miongo mingi chupa ya soda ya kioo imerudi dukani kwa sababu moja tu: mnunuzi aliweka rehani, na chupa tupu ilikuwa na bei. Ni nadra kwa chupa hiyo kufika jaani ikiwa nzima, maana hata aliyeiokota alijua pa kuipeleka. Utaratibu huo ukitumiwa kwa kila kifaa chenye betri iliyofungiwa ndani, mwagizaji atalazimika kuvipokea tena, na mwokotaji atakuwa na sababu ya kuirudisha betri bila kuipasua. Kenya imewahi kuchukua hatua kubwa kuliko hiyo. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017 ilibadilisha namna jiji zima linavyobeba mboga.

Nchi nyingine zimekwisha kuanza. Ubelgiji ilipiga marufuku vepu za kutumiwa mara moja kuanzia Januari 2025, Ufaransa ikafuata Februari, na Uingereza tarehe 1 Juni mwaka huo. Umoja wa Ulaya umeweka sheria kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi ziwe za kuondolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Hatua hizo ni njema, lakini zina upande wa pili: bidhaa inayofungiwa mlango Ulaya hutafuta mlango ulio wazi, na Mombasa ni bandari.

Nafasi ya Kiswahili

Huenda ikaulizwa suala hili linamhusu vipi mwanafunzi wa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hata hivyo, maonyo yaliyo kwenye vifaa hivi huandikwa kwa Kiingereza au Kichina, kwa herufi zinazohitaji miwani, pamoja na alama ndogo ya pipa lililokatwa kwa msalaba ambayo wachache wameelezwa maana yake. Mwokotaji wa Dandora, ambaye ndiye anayehitaji onyo hilo kuliko wote, hakuandikiwa.

Kazi ya kwanza ya lugha hapa ni kutofautisha. Mazungumzo ya kila siku tayari yana vitenzi viwili vinavyofaa. Betri ambayo nguvu yake imetumika imeisha chaji. Betri ambayo haiwezi tena kuhifadhi nguvu imekufa. Mara nyingi vitenzi hivyo huchanganywa, na mchanganyiko huo ndio unaoruhusu kitu kilicho hai kuzikwa. Vikitenganishwa katika vitabu vya shule, katika matangazo ya redio na kwenye mabango ya maduka, mtumiaji atajua kwamba vepu iliyoisha ina betri iliyo hai, yenye thamani na yenye hatari.

Kazi ya pili ni kukataa majina yanayoficha. Kifaa kinapoitwa "cha kutupwa", jina lenyewe humwamuru mtumiaji la kufanya. Kitenzi kutupa kilizoeleka katika mazingira ya jaa la kale, lililopokea maganda, majivu na vifuu ambavyo udongo uliweza kuvila. Betri hailiki. Jina kama "kifaa chenye betri ya ndani" ni refu zaidi, lakini linasema kilichomo. Na jina "kifaa cha kurudishwa", iwapo mfumo wa rehani utawekwa, litasema pa kukipeleka. Kazi ya namna hii haipaswi kuachiwa wahandisi na wanasheria peke yao, kwa kuwa wao huandika kanuni kwa Kiingereza na kuchapisha katika gazeti rasmi ambalo muuzaji wa River Road halisomi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba betri ya lithiamu si jiwe la tochi, kwamba hutupwa ikiwa na sehemu kubwa ya uhai wake, na kwamba gharama yake hulipwa na watu wasioinunua: mchimbaji wa Kolwezi na mwokotaji wa Dandora. Imeelezwa pia kwamba chanzo kikuu ni usanifu unaoifungia betri ndani ya kifaa cha muda mfupi, na kwamba sheria zilizopo zitabaki karatasini bila ya rehani, vituo vya ukusanyaji vilivyo karibu, na lugha inayoeleweka.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuanza na machache yaliyo katika uwezo wao. Katika kila bweni inaweza kuwekwa ndoo ya chuma yenye mchanga ya kukusanyia vepu, visikizi na betri zilizotolewa, ikiwa na onyo lililoandikwa kwa Kiswahili sanifu, kisha yaliyokusanywa yakapelekwa kwa pamoja katika kituo kinachostahili. Vyama hivyo pia vinaweza kutayarisha istilahi na matini ya maonyo na kuziwasilisha kwa mamlaka husika wakati kanuni zinapotungwa au kurekebishwa. Onyo likiandikwa kwa lugha ya anayelihitaji, mwokotaji wa Dandora atapata kulisoma kabla ya kuinua jiwe.